Mataifa tajiri na tabianchi: Nani anatimiza, nani anapiga danadana

Kila mwaka, wakati wa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, taasisi ya Germanwatch ya Ujerumani na washirika wake hutoa orodha inayopanga nchi kwa jinsi zinavyopambana na ongezeko la joto duniani. Hupimwa nchi 63 pamoja na Umoja wa Ulaya, ambazo kwa jumla hutoa zaidi ya asilimia 90 ya gesijoto zote. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hudhani mchapaji amekosea, maana haina namba moja, namba mbili wala namba tatu. Waandaaji huziacha nafasi hizo wazi makusudi, kwa hoja kwamba hakuna nchi inayofanya vya kutosha kustahili kukaa humo. Katika toleo la mwaka 2025 Denmark ilishika nafasi ya nne, ikifuatiwa na Uholanzi na Uingereza. Marekani, yenye uchumi mkubwa kuliko wote duniani, ilikuwa ya 57.

Orodha hiyo huzua mjadala mzuri, lakini haimalizi ubishi. Hupima uzalishaji wa gesijoto, nishati jadidifu, matumizi ya nishati na sera, kisha hujumlisha alama. Anayetaka kujua nani hasa yuko kazini na nani anasema tu, hana budi kuuliza maswali mawili ambayo wanasiasa wa nchi tajiri hawayapendi. La kwanza: hesabu inaanzia mwaka gani, na inaishia mpaka upi? La pili: serikali ikibadilika, nini kinabaki?

Swali la kwanza peke yake linatosha kupangua sifa nyingi. Nchi za Ulaya hupima mafanikio yao kwa kujilinganisha na mwaka 1990. Marekani, Kanada na Australia huanzia 2005. Japani huanzia 2013. Kila moja imechagua mwaka unaoipendeza. Mwaka 1990 ndio Ujerumani mbili zilipoungana, na katika miaka iliyofuata viwanda vikuukuu vya upande wa mashariki, vilivyokuwa vikichoma makaa ya mawe usiku na mchana, vilifungwa kimoja baada ya kingine kwa sababu havikuweza kushindana sokoni. Moshi uliopungua hapo umeingizwa kwenye hesabu ya ushindi. Mwaka 2005 Wamarekani walikuwa karibu na kilele cha uzalishaji wao. Na mwaka 2013 Japani ilikuwa imezima karibu vinu vyake vyote vya nyuklia baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, ikawa inachoma gesi na makaa kuliko kawaida yake, hivyo kila kinu kilichowashwa tena kimeshusha takwimu.

Wote wakipimwa kwa mwaka mmoja, 1990, sura inabadilika. Uingereza imepunguza gesijoto ndani ya mipaka yake kwa zaidi ya nusu. Ujerumani imekaribia nusu. Marekani imepunguza kwa asilimia chache tu, na Kanada iko juu ya pale ilipoanzia.

Nusu hiyo ya Uingereza ina siku yake ya kukumbukwa. Septemba 30, 2024, wafanyakazi wa kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar, karibu na jiji la Nottingham, walizima mitambo kwa mara ya mwisho. Minara yake minane ya kupozea maji ilikuwa imesimama pale tangu miaka ya 1960. Kilikuwa kituo cha mwisho cha makaa ya mawe katika nchi iliyoanzisha umeme wa makaa kwa matumizi ya umma, pale Holborn Viaduct jijini London, mwaka 1882. Mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Miaka 12 baadaye yakawa hayatoi hata uniti moja.

Hapakuwa na muujiza. Kuanzia 2013 serikali iliweka tozo ya kaboni juu ya bei ya soko la Umoja wa Ulaya, ikafika pauni 18 kwa tani, na kwa bei hiyo makaa yakashindwa kushindana na gesi. Wakati huohuo mitambo ya upepo ilikuwa ikijengwa baharini, kwa mikataba iliyomhakikishia mwekezaji bei ya umeme wake kwa miaka 15. Wenye vituo vya makaa walipiga hesabu, wakaona hasara, wakafunga.

Lakini Septemba 30 hiyohiyo, kule Wales, tanuri la mwisho la kuyeyusha chuma la Port Talbot, mali ya kampuni ya Tata ya India, nalo lilizimwa. Zaidi ya ajira 2,000 zilikuwa zikiondoka nalo katika mji ambao maisha yake yote yalizunguka kiwanda. Kwenye vitabu vya takwimu, kuzimwa kwa tanuri hilo ni mafanikio makubwa, kwa kuwa kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyotoa hewa ukaa nyingi zaidi nchini humo. Chuma chenyewe bado kinahitajika. Hadi tanuri jipya la umeme litakapokamilika, sehemu ya chuma hicho inayeyushwa nchi nyingine na kuletwa kwa meli. Moshi wake huandikwa kwa aliyeutoa, si kwa aliyekinunua chuma.

Ndivyo kanuni za Umoja wa Mataifa zinavyohesabu: kila nchi hujibu kwa kilichotoka ndani ya mipaka yake. Ndege na meli za safari za kimataifa hazihesabiwi kwenye jumla ya taifa lolote. Kwa kanuni hiyo Uswisi ni mfano wa kuigwa, nchi safi, yenye treni na umeme wa maji. Ukihesabu vitu ambavyo Waswisi wananunua kutoka nje, mzigo wao ni zaidi ya mara mbili. Umoja wa Ulaya umeanza kuliona pengo hili, na tangu Januari 2026 unatoza ada ya kaboni kwa chuma, saruji, mbolea na aluminiamu vinavyoingia kutoka nje. Ni hatua ya haki kwa kiwanda cha Ulaya. Kwa nchi kama Msumbiji, ambayo imekuwa ikiuza aluminiamu huko, ni gharama mpya ambayo haikupangwa kwa kuwafikiria wao.

Swali la pili, la kinachobaki serikali ikibadilika, ndilo linalotenganisha zaidi waliokusudia na wanaotamka tu. Na jibu bora kuliko yote linatoka Denmark.

Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipobana mauzo ya mafuta, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kuagiza kwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake. Serikali ilipiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili, watu wakatembea kwa miguu na baiskeli kwenye barabara kuu. Hofu ile haikupita bure. Kodi za nishati zilipandishwa na hazikushushwa mafuta yalipokuwa rahisi tena. Mwaka 1985 bunge likaamua kwamba nyuklia haitakuwamo kwenye mipango ya nchi. Mwaka 1991, huko Vindeby, ukajengwa mradi wa kwanza duniani wa mitambo ya upepo baharini, mitambo 11 midogo ambayo leo ingeonekana kama vichezeo. Sasa upepo hutoa zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark.

Namna walivyofika hapo inaonekana vizuri katika kisiwa cha Samsø, chenye wakazi wasiofika 4,000, wengi wao wakulima. Ni kisiwa cha viazi vya mwanzo wa msimu na stroberi. Mwaka 1997 serikali ilikiteua kuwa kisiwa cha mfano: kijitegemee kwa nishati jadidifu ndani ya miaka kumi. Hakikupewa fungu maalumu la fedha. Mwalimu mmoja mwenyeji wa hapo, Søren Hermansen, mtoto wa mkulima, alifanya kazi ya kuzunguka kwenye mikutano ya vijiji akizungumza na watu waliokuwa hawana haja na mambo ya mazingira, ila walijali gharama ya kupasha nyumba joto na thamani ya mashamba yao.

Mitambo 11 ikasimamishwa nchi kavu, na mingine 10 mikubwa zaidi baharini. Kilicho muhimu ni wenye mali. Karibu yote ya nchi kavu ni ya wakulima mmoja mmoja, na miwili ni ya ushirika wa wakazi walionunua hisa. Ya baharini, mitano ni ya halmashauri ya kisiwa. Nyumba za vijijini hupata maji ya moto kwa mabomba kutoka kwenye matanuri yanayochoma mabua ya nafaka, ambayo wakulima wenyewe huyauza. Mtu anayeona mtambo ukizunguka dirishani mwake anajua unamwingizia fedha, na hapo malalamiko ya kelele na mandhari yanapungua sana. Katika nchi nyingi tajiri miradi ya upepo imekwama mahakamani kwa sababu wakazi waliletewa mitambo ya kampuni ya mbali bila hisa wala faida. Wadenmark walilijua hili miaka 30 iliyopita.

Juu ya msingi huo, mwaka 2020 bunge lilipitisha sheria ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 70 ifikapo 2030 ikilinganishwa na 1990, kwa kura za vyama vya karibu kila upande. Waziri hulazimika kurudi bungeni kila mwaka kueleza amefikia wapi. Mwaka 2024, katika nchi ambayo nguruwe ni wengi kuliko watu kwa mbali, wakulima, wanamazingira na serikali walikubaliana jambo ambalo hakuna nchi nyingine iliyothubutu: kodi ya gesijoto inayotoka kwa mifugo. Itaanza 2030 kwa kroner 300 kwa tani na kupanda hadi 750 mwaka 2035, ingawa punguzo la asilimia 60 litafanya mkulima alipe 120 kwanza, kisha 300. Sehemu ya makubaliano ni kugeuza hekta 250,000 kuwa misitu.

Denmark haina utakatifu. Sehemu kubwa ya joto la majumbani hutokana na kuchoma kuni na vipande vya mbao, vingi vikiagizwa kutoka nje, na kanuni za hesabu huuchukulia moshi huo kuwa sifuri kwa sababu mti utaota tena. Mti huchukua miongo kukua. Moshi hupanda leo. Na Desemba 2024, zabuni ya serikali ya maeneo mapya ya upepo katika Bahari ya Kaskazini bila ruzuku ilipofungwa, hakuwa amejitokeza hata mwombaji mmoja. Serikali ililazimika kurudi mezani na kuweka ruzuku. Hata hivyo, ukitafuta nchi tajiri ambayo sera yake imedumu kwa nusu karne, serikali za kushoto na kulia zikipokezana, ni hii.

Uingereza nayo iliweka misingi ya kisheria. Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2008 ilipitishwa na karibu wabunge wote, wapinzani wakiwa wa kuhesabika kwa vidole. Inailazimisha serikali kupanga bajeti ya kaboni ya miaka mitano mitano, miaka mingi kabla haijaanza, na inaipa kamati huru ya wataalamu jukumu la kupima maendeleo na kuyapeleka bungeni hadharani. Theresa May, katika wiki zake za mwisho madarakani mwaka 2019, aliongeza lengo la kufikia sifuri halisi mwaka 2050. Rishi Sunak alipoahirisha marufuku ya kuuza magari mapya ya petroli kutoka 2030 hadi 2035, kamati ilisema wazi kwamba mabadiliko ya sera yake yamepunguza uwezekano wa nchi kufikia malengo, na serikali iliyofuata ikarudisha 2030. Mfumo ulifanya kazi yake.

Sasa mfumo huo uko kwenye mtihani. Oktoba 2025 kiongozi wa chama cha Conservative, Kemi Badenoch, aliahidi kuifuta sheria ya 2008 chama chake kikirudi madarakani. Ni chama kilekile ambacho wabunge wake waliiunga mkono kwa wingi miaka 17 kabla.

Ujerumani na Uholanzi zilipata msukumo wake mahakamani. Desemba 20, 2019, Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua kwamba serikali ina wajibu wa kuwalinda raia wake, hivyo lazima ipunguze gesijoto kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020. Kesi ilifunguliwa na taasisi ya Urgenda pamoja na raia wa kawaida wapatao 900. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya ngazi hiyo kuiamuru serikali kiasi cha kupunguza. Kituo cha makaa cha Hemweg jijini Amsterdam kilifungwa mwezi huohuo, miaka kadhaa kabla ya muda wake.

Miezi 16 baadaye, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilifika mbali zaidi. Miongoni mwa walalamikaji walikuwamo vijana wa kisiwa cha Pellworm, ambacho sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari na huishi kwa kutegemea kuta za udongo. Majaji walisema serikali imelundika kazi yote ngumu baada ya 2030, na kwa kufanya hivyo inawanyang'anya vijana uhuru wao wa kesho ili kizazi cha sasa kistarehe. Serikali ya Angela Merkel ilibadilisha sheria ndani ya wiki chache, ikasogeza mwaka wa kufikia usawa wa kaboni kutoka 2050 hadi 2045.

Hata hivyo Ujerumani imejikwaa mahali ambapo haikustahili kujikwaa. Aprili 15, 2023 ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia, wakati vituo vya makaa vikiendelea kuunguruma na kisheria vinaweza kuendelea hadi 2038. Miezi mitatu kabla, polisi walikuwa wamewaondoa kwa nguvu waandamanaji katika kijiji cha Lützerath ili mgodi wa makaa upanuliwe. Hofu ya nyuklia Ujerumani ina historia ndefu na ya kueleweka. Lakini kufunga umeme usio na moshi kabla ya ule mchafu kuliko wote ulikuwa upangaji mbaya wa zamu, na hewa iliyochafuliwa katika miaka hiyo haiwezi kurudishwa.

Norway ni kitendawili kikubwa zaidi.

Mwaka 1989, Morten Harket na Magne Furuholmen wa bendi ya A-ha, iliyokuwa ikivuma dunia nzima, pamoja na mwanaharakati Frederic Hauge wa shirika la Bellona, waliingiza nchini Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa gari la umeme. Wakaizungusha mitaani, na kila walipofika kwenye kizuizi cha tozo ya barabara walipita bila kulipa. Faini zikarundikana. Gari likakamatwa, likapigwa mnada. Wakalinunua tena wakarudi nalo barabarani. Mwaka uliofuata serikali iliondoa ushuru wa kuingiza magari ya umeme. Mwaka 1997 ikayasamehe tozo za barabara, na 2001 ikayaondolea kodi ya ongezeko la thamani, huku gari la petroli likiendelea kutozwa kodi nzito. Nafuu hizo zilidumu chini ya serikali za kila rangi. Mwaka 2024, karibu magari 89 katika kila 100 mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme mtupu. Hakuna nchi nyingine inayoikaribia.

Nchi hiyohiyo imechimba utajiri wake chini ya bahari. Mfuko wake wa taifa, uliojazwa na mapato ya mafuta na gesi, una zaidi ya dola trilioni 1.5 kwa watu wasiofika milioni sita. Mafuta na gesi ambavyo Norway huviuza nje, vikichomwa huko viendako, hutoa hewa ukaa takriban mara kumi ya gesijoto zote za ndani ya nchi. Mara kumi. Na hayo hayaandikwi kwenye daftari lake.

Watanzania wanazijua pande zote mbili za Norway. Mwaka 2008 serikali ya Oslo iliahidi kroner milioni 500 kwa Tanzania kwa ajili ya kulinda misitu ili ihifadhi kaboni, na miradi ya majaribio ikaenda hadi vijijini. Miaka minne baadaye kampuni ya mafuta ambayo serikali ya Norway ina hisa asilimia 67, sasa ikiitwa Equinor, iligundua gesi kwenye kina kirefu cha bahari mkabala na Lindi. Visima vikapewa majina ya viungo vya jikoni: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri, Giligiliani. Kampuni hiyo na wenzake wamekuwa wakijadiliana na Dodoma kwa miaka mradi wa kuisindika gesi hiyo na kuiuza nje, mradi unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42.

Ufaransa haina tofauti. Mwaka 2017 ilipitisha sheria ya kukomesha uchimbaji wa mafuta na gesi katika ardhi yake ifikapo 2040, hatua rahisi kwa nchi ambayo mafuta yake yenyewe ni kidogo sana na ambayo nyuklia hutoa takriban theluthi mbili ya umeme wake. Kampuni yake kubwa, TotalEnergies, inamiliki asilimia 62 ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Bunge la Ulaya lilipotoa azimio la kulipinga bomba hilo Septemba 2022, Kampala na Dodoma zilikasirika, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa halali. Mwananchi wa Tanga hutoa hewa ukaa chini ya nusu tani kwa mwaka. Mmarekani hutoa takriban tani 14, Mjerumani kama saba. Kama kuna kisima kinachopaswa kufungwa kwanza, ni cha Norway, cha Texas na cha Alberta, kwa wenye fedha za kuishi bila hicho. Bunge la Ulaya lingekuwa na nguvu zaidi ya kusema kuhusu Hoima kama lingesema kwa ukali uleule kuhusu Bahari ya Kaskazini.

Marekani ndiyo imefanya vibaya kuliko wote ukizingatia uwezo wake. Katika hewa ukaa yote iliyorundikwa angani tangu enzi ya viwanda, karibu robo ni yake. Na sera yake ni bembea. Ilitia saini Itifaki ya Kyoto, bunge halikuiridhia, George W. Bush akaitupa mwaka 2001. Barack Obama aliingia Mkataba wa Paris; Donald Trump akajitoa. Joe Biden akarudi Februari 2021, na Agosti 2022 bunge likapitisha kwa kura chache sheria iliyotenga takriban dola bilioni 369 kwa nishati safi, kiasi kikubwa kuliko chochote katika historia ya nchi hiyo. Viwanda vya betri na paneli za jua vikaanza kuota, vingi katika majimbo yaliyomchagua Trump. Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Trump alitia saini tena amri ya kujitoa, na Julai 4 mwaka huo akasaini sheria iliyokata sehemu kubwa ya nafuu za kodi za Biden. Kujitoa kulianza rasmi Januari 27, 2026.

Teknolojia na wahandisi wamo. Texas, jimbo la mafuta, ndilo linaloongoza nchini humo kwa umeme wa upepo, kwa sababu ni rahisi. Kinachokosekana ni sheria inayoweza kuvuka uchaguzi mmoja. Mwekezaji anayejenga mtambo wa miaka 30 hawezi kupanga chochote juu ya ahadi ya miaka minne.

Kanada na Australia zina mkasa unaofanana. Kanada ilijitoa Itifaki ya Kyoto mwaka 2011, baadaye ikaweka kodi ya kaboni kwenye mafuta ya wananchi, kisha Mark Carney akaiondoa Aprili 2025 mara baada ya kuwa waziri mkuu. Australia iliweka bei ya kaboni mwaka 2012 na kuifuta 2014. Kinachookoa jina lake ni mapaa: karibu theluthi moja ya nyumba zina paneli za jua, kiwango cha juu kabisa duniani. Makaa yake ya mawe bado yanapakiwa melini kila siku kwenda Asia.

Na kuna magari. Kadiri Ulaya inavyohamia kwenye umeme, yale ya petroli na dizeli hayaendi kwenye shimo la taka. Kati ya 2015 na 2018, kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, mengi yakiishia Afrika. Yanateremshwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam kila wiki, na moshi wake unahamia kwenye daftari la Kenya na Tanzania.

Lipo eneo moja ambamo hakuna nchi tajiri inayoweza kujificha nyuma ya takwimu: fedha. Mwaka 2009 huko Copenhagen ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kwa nchi maskini kufikia 2020. Lengo lilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda, na zaidi ya theluthi mbili ya fedha zilizotoka serikalini na kwenye benki za maendeleo zilikuwa mikopo. Nchi isiyosababisha tatizo inakopeshwa ili ijikinge nalo, kisha inalipa riba.

Novemba 30, 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, wajumbe walisimama kushangilia kuanza kwa Mfuko wa Hasara na Uharibifu. Umoja wa Falme za Kiarabu na Ujerumani ziliahidi dola milioni 100 kila moja. Marekani iliahidi milioni 17.5. Siku tatu baadaye, mvua kubwa ya El Niño ilimegua sehemu ya Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakafunika makazi ya Katesh mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano huo, alikatisha ziara na kurudi nyumbani. Kuwazika, kuwahifadhi na kuwajengea nyumba waathirika kulifanywa kwa sehemu kubwa na Watanzania wenyewe, kwa bajeti ya serikali na michango. Machi 2025 Marekani ilijiondoa kwenye bodi ya mfuko ule.

Denmark ilikuwa mwanachama wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kutenga fedha za hasara na uharibifu, mwaka 2022, na pamoja na Norway na Sweden imeendelea kutoa misaada inayofikia lengo la zamani la asilimia 0.7 ya pato la taifa. Uingereza, iliyofanya vizuri nyumbani, imeamua kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027 ili kupata fedha za ulinzi. Ujerumani nayo imekata. Kwa kipimo hiki, baadhi ya vinara wa Ulaya wanarudi nyuma wakati ambapo kwenye mkutano wa Baku, Novemba 2024, walikubali kuongoza ukusanyaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035.

Mwaka 2027 mkutano huo utafanyika Addis Ababa. Swali la kuwauliza mawaziri wa Copenhagen, Berlin, London na Oslo watakapotua hapo ni fupi: katika bilioni 300 hizo, ngapi ni ruzuku na ngapi ni mkopo?